Watu Arobaini na Watatu wa Njia ya Reli

Dada Mkubwa hakubisha hodi. Aliingia jikoni kwa mdogo wake jioni ile ya Jumatatu akiwa bado na aproni ya chumba cha kufulia cha hospitali, akalitandaza tangazo juu ya meza, katikati ya kisu na bakuli la vitunguu. Pembe zake zilikuwa na gundi mbichi. Alikuwa amelibandua mwenyewe kutoka kwenye nguzo ya daraja dogo, mchana kweupe, na wala hakujali nani anamwona.

"Soma," alisema.

Mdogo wake alifuta mikono, akasoma. Baraza la mji lilikuwa linawatangazia wakazi wote kwamba Njia ya Reli, ile ya waenda kwa miguu na baiskeli iliyojengwa juu ya tuta la reli ya zamani, haina watumiaji wa kutosha. Hesabu rasmi ya idara ya barabara ilikuwa imekuta watu arobaini na watatu tu. Kwa sababu hiyo kamati ingekaa Alhamisi, saa nne asubuhi, kupitisha azimio la kuifunga njia na kuigeuza maegesho ya magari.

"Arobaini na watatu!" Dada Mkubwa alisema. "Mimi nikipita asubuhi nasukumwa na watu arobaini na watatu kabla sijafika darajani. Hebu niambie, wewe unayefanya kazi hukohuko. Aliyehesabu alikuwa kipofu au alikuwa amelewa?"

Mdogo wake aliisoma namba ile tena. Pale idarani wenzake walimwita Bi Hesabu, na jina hilo hakupewa kwa mzaha. Miaka kumi na minne alikuwa anahesabu kila kinachopita katika mji ule: malori, pikipiki, mikokoteni, watu. Alikuwa na kalamu nyuma ya sikio mpaka kanisani, na hakuwahi kutia chumvi wala kupunguza hata mtu mmoja. Na ile arobaini na tatu aliikumbuka vizuri sana, kwa sababu chini yake kulikuwa na sahihi yake.

"Ni mimi, Dada," alisema.

Dada Mkubwa alimtazama, kisha akavuta kiti akakaa taratibu, akitanguliza mguu wa kulia kama kawaida yake. Mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo. Miaka kumi na mmoja iliyopita, kabla njia haijajengwa, lori lilimsukumia mtaroni kwenye barabara kuu akiwa kwenye baiskeli, akalala hospitali miezi mitatu juu ya shuka alizozifua mwenyewe. Alipopona aliapa kwamba barabara ile hatairudia. Njia ya Reli ilipofunguliwa mwaka uliofuata, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupita, anapiga kengele mtaa mzima kana kwamba ni bibi harusi.

"Basi sikiliza, mdogo wangu," alisema, na sauti yake haikuwa na ukali tena, jambo lililomuumiza Bi Hesabu kuliko kama angegombezwa. "Wakifunga njia, mimi naacha kazi. Imebaki miaka mitatu nistaafu, lakini barabara kuu sirudi. Nimeshaipa mguu mmoja, inatosha."

Huyu ndiye dada aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Ndiye aliyemshonea sare za shule, na ndiye aliyemfundisha kuhesabu kwa vifungo vya mashati ya watu. Bi Hesabu alihisi uso unamwaka kwa aibu.

"Ulihesabu saa ngapi?" Dada Mkubwa aliuliza.

"Saa tatu mpaka saa tano. Kama kawaida."

"Saa tatu! Saa tatu mimi nimeshafua shuka mia mbili na nimeshagombana na msimamizi mara mbili. Saa tatu njiani utamkuta nani? Wasiokuwa na pa kwenda! Mbona saa tatu?"

Bi Hesabu alijaribu kukumbuka nani aliyeipanga saa hiyo. Ukweli ni kwamba hakuna aliyewahi kuamua iwe saa tatu. Mtumishi wa baraza haruhusiwi kuanza kazi kabla ya kusaini daftari la mahudhurio. Daftari hufunguliwa saa mbili kasoro robo. Ukishasaini unangoja fomu, ukipata fomu unangoja gari, gari likija dereva anakunywa chai. Ukifika unakohesabu ni saa tatu. Ukitaka kujua nani alipanga hivyo, utazunguka ofisi zote za baraza, kila mmoja akuelekeze kwa mwenzake, mpaka urudi ulikoanzia. Kwa magari haikudhuru kitu, maana barabara kuu hujaa mchana kutwa. Lakini njia ya miguu ina saa zake.

Kisha akakumbuka Njia ya Soko. Miaka miwili iliyopita alihesabu watu thelathini na wanane kule, baraza likaifunga, na yeye akapongezwa kwa kazi safi. Vitunguu vile havikupikwa jioni ile.

Kesho yake, Jumanne, alimwendea Mhandisi, mkuu wa idara, mtu muungwana ambaye kosa lake kubwa ni kupenda maisha ya amani. Mhandisi alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Nakuelewa kabisa," alisema. "Lakini kamati inakaa keshokutwa. Na hata ukihesabu upya alfajiri, fomu iliyojazwa nje ya saa za kazi mwenyekiti ataifungia karanga. Atauliza, je, hawa walikuwa kazini? Mimi nitamjibu nini?"

"Tukiwa tumesaini daftari?"

"Mkiwa mmesaini daftari nitaipeleka fomu kwa mikono yangu miwili." Mhandisi alicheka kidogo. "Sasa nenda kamwambie Mzee Daftari alitoe daftari nje."

Hata katibu wake aliyekuwa mlangoni alicheka. Mzee Daftari alikuwa mtunza mahudhurio kwa miaka kumi na tisa, na daftari lile halikuwahi kuvuka kizingiti. Saa mbili na robo kamili alipiga mstari mwekundu, na aliyekuja baada ya hapo aliandikwa "hayupo" hata kama amesimama mbele yake anahema. Mkurugenzi wa zamani aliwahi kuandikwa hayupo. Mwaka wa mafuriko Mzee Daftari alikaa juu ya meza, maji yako magotini, daftari liko kichwani, anangoja saa mbili na robo ifike apige mstari wake.

Bi Hesabu alipiga moyo konde akaenda. Mzee alikuwa anachonga kalamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kama ni daftari, hapana." Habari zilikuwa zimeshatangulia, ofisi ile haikuwa na siri.

"Sijaja kwa ajili ya daftari," alisema Bi Hesabu, ingawa ndilo lililomleta. "Nina swali tu. Unakujaga kazini kwa njia gani?"

"Kwa miguu. Njia ya Reli, kila siku ya Mungu. Saa kumi na mbili na robo niko darajani, saa moja kasoro niko hapa. Kwa nini?"

"Siku ya hesabu ulipita?"

"Sijawahi kukosa hata siku moja, mama. Hata nilipokuwa na malaria."

Bi Hesabu aliitoa nakala ya fomu, akaiweka mbele yake. "Basi humu haumo. Mimi nilifika darajani saa tatu, na wewe ulikuwa umeshakaa hapo kwenye kiti chako. Wamo watu arobaini na watatu, na wewe si mmoja wao."

Mzee Daftari aliivuta fomu karibu. Akaisoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu, kidole kikifuata mistari. Shingo yake ilianza kuvimba.

"Yaani mimi," alisema polepole, "mimi, nimeandikwa sipo?"

"Ndivyo ilivyo, mzee."

"Miaka kumi napita pale! Mvua, jua, malaria! Nimeandikwa sipo kwa karatasi ya serikali!"

"Na Alhamisi wanaifunga kwa sababu haupo."

Mzee alisimama, akalifungia daftari kwenye droo, akatia ufunguo mfukoni. Bi Hesabu aliona mambo yameharibika. Kisha mzee akatikisa kidole mbele ya pua ya Bi Hesabu.

"Daftari haliendi popote bila mimi. Umesikia? Mnaanza saa ngapi?"

Jumatano saa kumi na moja na robo alfajiri, anga likiwa ndiyo kwanza linapauka, Bi Hesabu alifika darajani akawakuta wenzake wawili wa baraza aliowaomba wamsaidie kuhesabu. Mmoja alikuwa Fundi Rangi, ambaye kazi yake ni kuchora ule mstari mweupe unaowatenganisha wa miguu na wa baiskeli. Wa pili alikuwa mama mfagiaji wa njia, ambaye yuko pale na ufagio wake kila alfajiri tangu njia ilipofunguliwa.

"Kwa hiyo wewe ulikuwa unajua watu wanavyojaa?" Bi Hesabu alimwuliza.

"Najua hata nani kabadilisha viatu."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?" mama mfagiaji alijibu, akaendelea kufagia.

Mzee Daftari alitokea akiwa na koti la mikutano, kiti cha kukunja begani, na daftari limefungwa kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko mwingine wa plastiki. Alikunjua kiti kando ya daraja, akafuta daftari na kitambaa ingawa halikuwa na vumbi, akatazama saa yake. Wakasaini mmoja mmoja, yeye akiwaandikia saa kwa wino mwekundu: kumi na moja na dakika ishirini na tano. Aliwaonya wasiegemee ukurasa.

"Mko kazini," alisema. "Hesabuni."

Walianza na wale wachache: walinzi wanaorudi nyumbani wakikokota miguu, muuza magazeti, wanawake wawili wenye ndoo wanaocheka. Bi Hesabu alichora vijiti vyake kwa utulivu, vinne na cha tano kuvikata. Saa kumi na mbili kasoro njia ilifunguka kweli. Walikuja wauguzi, wapishi wa shule, vibarua wenye koleo begani. Walikuja mafundi cherehani na wachukuzi wa sokoni, na baiskeli moja ikipita na milango miwili ya mbao mgongoni huku mwendeshaji akipiga mluzi. Akapita kipofu na fimbo yake, ametulia kabisa, akifuata ule mstari wa Fundi Rangi ambao ulikuwa umechorwa kwa rangi nene, na Fundi Rangi alisahau kuhesabu kwa muda, akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Hesabu, wewe!" mama mfagiaji alimfokea. "Utalia mchana!"

Fomu zilijaa. Waligeuza nyuma wakaendelea. Nyuma nako kukajaa, Bi Hesabu akaanza kuchora kwenye gamba la faili. Miaka kumi na minne alijiona anaujua mji huu, kumbe alikuwa anaujua baada ya chai. Alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja, na mkono wake haukusimama.

Kengele ilisikika kabla baiskeli haijaonekana. Dada Mkubwa alikuja amenyooka kwenye kiti, kikapu mbele, watu wakimpisha.

"Umeniandika?" alipaza sauti.

"Nimekuandika, Dada!"

"Niandike wawili! Mwili huu si wa mtu mmoja!" Na akapita, njia nzima ikicheka.

Saa moja kasoro dakika ishirini Mzee Daftari alikunja kiti chake, akafunga daftari katika mifuko yake miwili, maana ofisini walikuwa wanalingoja. Alivuka daraja, akasimama mbele ya Bi Hesabu kifua mbele.

"Nimo?"

Alichora kijiti mbele ya macho yake. "Umo, mzee."

Saa moja na nusu waliacha. Muda ulikuwa uleule wa saa mbili kama hesabu ya kwanza, bila kuzidi hata dakika. Walijumlisha mara tatu, kila mmoja peke yake, wakapata jawabu moja: watu elfu mbili mia tatu na kumi na wanane, na kati yao mia nane na sita wakiwa kwenye baiskeli. Mama mfagiaji alisema siku ya soko huwa zaidi.

Ukumbi wa kamati Alhamisi ile ulijaa mpaka ngazi za nje. Dada Mkubwa alikuwa ameomba ruhusa, akakaa benchi la mbele la wananchi na aproni yake, makusudi, ili waone anatoka kazini. Madiwani kumi na watatu walizunguka meza. Mwenyekiti, mtu mwingi wa maneno na mwenye haraka, alisoma ile arobaini na tatu kwa sauti ya kufunga mjadala.

Mhandisi alisimama. Alikuwa anatokwa jasho, lakini ahadi aliitimiza: aliipeleka fomu mpya kwa mikono miwili. Mwenyekiti aliitupia jicho.

"Hesabu mbili, mhesabu mmoja," alisema. "Bibi, tuamini ipi? Ulidanganya mara ya kwanza au mara ya pili?"

Bi Hesabu alisimama. Alijua kwamba akijaribu kujisafisha tu, mambo yatamharibikia. Akasema ukweli kama ulivyo.

"Sikudanganya hata mara moja, Mheshimiwa. Mara ya kwanza nilikosea. Nilikwenda kuhesabu watu wakiwa wameshafika kazini, nikaandika kwamba hawapo. Kosa ni langu, sahihi ni yangu. Na nilikosea hivyohivyo Njia ya Soko, ikafungwa. Kwa hilo nawaomba radhi watu wote walioko humu." Aligeuka akawatazama wale wa kwenye mabenchi. "Watu hawa wapo. Wanapita kabla sisi hatujaamka. Bila wao hakuna shuka safi hospitalini wala mtu wa kumfungulia mtoto geti la shule, wala hakuna atakayetufungulia hizi ofisi zetu. Mimi ndiye sikuwepo."

Mwenyekiti alikohoa, akaigeuza fomu, na uso wake ukachangamka.

"Saa kumi na moja na nusu alfajiri! Saa za kazi zinaanza saa mbili. Hii ni karatasi ya mtu binafsi, si hesabu rasmi. Naomba tuendelee."

"Mheshimiwa Mwenyekiti."

Sauti ilitoka mlangoni. Mzee Daftari hakuwahi kusema neno ndani ya ukumbi ule kwa miaka kumi na tisa. Alitembea mpaka mezani, akafungua mfuko wa kwanza, akafungua mfuko wa pili, akaliweka daftari mbele ya mwenyekiti na kulifungua kwenye ukurasa wa Jumatano.

"Kanuni ya baraza inasema kazi huanza mtumishi anaposaini daftari hili mbele ya mtunzaji wake," alisema. "Sahihi tatu hizi hapa. Saa hii hapa, kwa wino mwekundu. Mtunzaji ni mimi."

"Daftari la ofisi lilifikaje njiani alfajiri?"

"Kwa miguu, Mheshimiwa. Tulikwenda mimi na lenyewe. Na mimi nimehesabiwa." Mzee akanyoosha kola. "Kanuni haikusema daftari likae wapi. Nimeisoma jana usiku mara nne."

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana, mtu akapiga meza, na diwani wa kike aliyekaa karibu na dirisha akaomba kura ipigwe palepale kabla mwenyekiti hajapata kanuni nyingine. Wanaotaka njia ifungwe? Mikono miwili, na mmoja wao ulikuwa umeinuliwa nusu, ukashuka. Wanaotaka ibaki?

Bi Hesabu alihesabu. Asingeweza kuacha kuhesabu hata kama angefungwa kamba. Mikono kumi na miwili, na wa kumi na mbili ulikuwa ule ulioshuka. Kisha diwani wa kike akaongeza hoja mbili, nazo zikapita bila ubishi: hesabu zote za njia za miguu na baiskeli zifanywe kuanzia alfajiri, na Njia ya Soko ihesabiwe upya kabla ya mwezi kwisha. Mwenyekiti alifunga kikao shingo upande, akamrudishia Mzee Daftari daftari lake, na mzee akalikagua kama lina alama za vidole.

Nje kelele zilikuwa za harusi. Mama mfagiaji alikuwa ameinua ufagio juu, Fundi Rangi amebebwa juujuu na watu asiowajua, naye anawasihi wamshushe. Mhandisi alimpa Bi Hesabu mkono, akasahau kuuachia, akawa anautikisa tu. Dada Mkubwa alishuka ngazi moja moja, mguu wa kulia ukitangulia, akamfikia mdogo wake, akamshika mashavu kwa viganja vyake vikavu vya sabuni.

"Mbele za watu wote umesema umekosea," alisema. "Hilo sikukufundisha mimi. Hilo la kwako." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Haya, niache niende. Nina shuka zinaningoja, na miaka mitatu haijaisha."

Aliikamata baiskeli yake iliyokuwa imeegeshwa ukutani, akapanda, akaingia Njia ya Reli palepale nyuma ya jengo la baraza, kwenye kile kipande walichotaka kukifanya maegesho. Alianza kupiga kengele na hakuiacha. Watu walikuwa wanampigia makofi, naye anainua mkono mmoja bila kugeuka.

Bi Hesabu alichomoa kalamu nyuma ya sikio. Alipapasa mifuko, hakuwa na karatasi. Akafungua kiganja chake cha kushoto, akachora kijiti kimoja, kisha, kwa kuwa Dada alitaka aandikwe wawili, akachora na cha pili.